Makarai ya Saizi Moja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo imekataa kunitoka kichwani. Nimezeeka, mambo mengi nimeyasahau, hata majina ya wajukuu huwa nayachanganya mpaka wananicheka, lakini siku hiyo iko palepale. Nilikuwa nimesimama jikoni mwa watu, mjini Kitui, maji yamenifika vifundoni, na hayakuwa maji ya mvua. Ngoja nikueleze nilifikaje huko, maana aibu hiyo ilinifunza kuliko chuo chochote nilichopitia.

Mimi ni mtu wa Matinyani. Baba yangu alikuwa mkulima wa ndengu na mbaazi, na kwa kuwa shamba lilitupa mavuno mwaka mmoja na kutunyima miwili, alinipeleka chuo cha ufundi nikasomee mabomba. Nilipohitimu niliajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akitengeneza njia za maji taka mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti, nina tepu ya kupimia mfukoni na kalamu sikioni. Usicheke. Kijana mwenye kalamu sikioni hudhani dunia imekwisha kumwambia siri zake zote.

Sasa, hapa kwetu Ukambani mvua ni mgeni anayesubiriwa. Ikinyesha hakuna anayenung'unika. Watu huweka ndoo chini ya paa, watoto huachwa walowe, na wazee hutoka kusimama barazani wakiitazama tu. Kwa hiyo ni vigumu kumwambia mtu wa huku kwamba kuna mahali ambapo mvua haifai kuingia. Lakini mahali hapo papo. Chini ya barabara za mji kuna bomba la maji taka, yale yanayotoka vyooni na jikoni. Bomba hilo ni jembamba, lilipimiwa uchafu wa watu peke yake. Mvua ina njia yake nyingine, ile mitaro ya wazi kando ya barabara. Kila baada ya hatua kadhaa bomba lina shimo la kuingilia mafundi, ambalo sisi tunaliita manholi, na juu yake pana mfuniko mzito wenye matundu ya kuuinulia. Mvua kubwa ikija, maji hupenya kwenye matundu hayo na pembeni mwa mfuniko, bomba linajaa, na uchafu ukikosa pa kwenda unarudi juu. Haurudi kwa kila mtu. Unarudi kwa yule anayekaa chini kabisa ya mteremko.

Aliyekaa chini kabisa ya mteremko wetu alikuwa Bi Zuhura. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, lakini yeye alizaliwa Kitui, akaolewa Kitui, akafiwa na mume Kitui, na Kikamba alikisema kutushinda sisi wenyewe. Alikuwa na hoteli ndogo karibu na msikiti: chai, mahamri, maharagwe ya nazi, na pilau siku ya Ijumaa. Hoteli hiyo ndiyo iliyomlisha na kuwasomesha mabinti zake wawili. Na kila msimu wa mvua, uchafu wa mji mzima ulipanda kupitia tundu la maji kwenye sakafu ya jiko lake. Alimwaga dawa, alisugua, alifukiza udi, akafungua tena. Mwaka huo afisa wa afya alikuwa amemwambia bila kumficha kwamba ukipanda tena mara moja, mlango utafungwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Sisi wa juu ya mteremko tulikuwa tukipita pale tumeziba pua, basi.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Chini ya kila mfuniko unatia chombo cha bati nene kilichobonyea kama karai, chenye mdomo unaokaa juu ya ule ukingo wa ndani ambao mfuniko huukalia. Maji yanayopenya yanaishia ndani ya chombo hicho, hayafiki bombani. Kina kitundu kimoja kidogo cha kupumulia na kishikio cha kukiinulia wakati wa kusafisha. Mafundi tuliviita makarai, na jina likashika. Lakini karai la manholi lina masharti: ni lazima litoshe. Likiwa dogo linaanguka shimoni. Likiwa kubwa mfuniko haukai, na gari la kwanza litauvunja.

Bosi wangu alikuwa Bwana Ndeti, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alinipa karatasi yenye mistari thelathini na minne, mmoja kwa kila manholi kuanzia stendi ya magari mpaka mlangoni kwa Bi Zuhura. Akaniambia, "Fungua kila moja, pima, andika. Usiruke hata moja."

Nilianza vizuri. Nilipima ya kwanza pale stendi, ya pili, na ya tatu, na zote zilikuwa sawa kabisa. Nilipofika ya nne nikakuta ni siku ya soko, na juu ya mfuniko mama mmoja ametandaza gunia lake na kupanga nyanya na sukuma wiki. Ya tano vivyo hivyo. Ya sita ilikuwa chini ya meza ya muuza mitumba. Wewe unajua tulivyolelewa. Utamwambiaje mama wa rika la mama yako, "Inuka na nyanya zako nifungue shimo la choo mbele ya wateja"? Niliona haya. Lakini nikuambie ukweli ambao nilichukua muda mrefu kuukubali: haikuwa heshima. Jua lilikuwa kali, mifuniko ilikuwa mizito, na mimi niliuvisha uvivu wangu nguo ya heshima ili nisiutambue.

Ya saba ilikuwa kwa Mzee Kimanzi, fundi wa akala, vile viatu vya tairi ambavyo wachungaji wa Ikutha huvivaa mpaka vikawazike. Alikaa kwenye kigogo, na mfuniko wa manholi ndio ulikuwa meza yake ya kugongea misumari. Aliponiona napita akanyoosha kisu kunionyesha chini.

"Kijana, pima hii. Hii si kama zile za stendi."

"Mzee, hizi ni standard," nikamjibu. "Zote zimetoka kiwanda kimoja."

"Wewe uliziona zikitoka?"

Nilicheka, nikaenda zangu. Niliingia kibanda cha chai, nikaagiza chai na andazi, nikajaza mistari thelathini na mmoja iliyobaki kwa kipimo kilekile. Nilitumia hata mwandiko mzuri. Na ili isionekane nimekaa kibandani, manholi mbili tatu nilizibadilisha kidogo, nikaongeza robo inchi hapa, nikapunguza pale. Mwongo stadi huupamba uongo wake, na mimi siku hiyo nilikuwa stadi.

Makarai yalichomelewa na mafundi wa jua kali, wale wa vibanda vya kando ya barabara, yakaja mazuri, yanang'aa. Kuyatia ndipo nilipoanza kuonja nilichokipika. Manholi nyingine zilikuwa pana, karai likikaa linacheza kama jino la mtoto. Hizo nilizitilia kadibodi pembeni ili karai liache kucheza. Nyingine zilikuwa finyu, nikakunja mdomo wa karai kwa nyundo mpaka likaingia kwa kulazimishwa. Moja, ambayo ukuta ulikuwa umeilalia nusu, haikufunguka kabisa, nikaipita na karai lake nikalificha. Kwa Mzee Kimanzi karai lilikaa upande mmoja tu. Nikasukuma kadibodi mbili. Yeye alikuwa ananiangalia huku akitafuna kijiti, hakusema neno. Ukimya wa mzee, mwanangu, usiuchukulie kuwa ni ruhusa.

Nilipomaliza nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura. Nilimwambia, "Mama, mwaka huu pika bila wasiwasi." Alinishika mikono yote miwili, akaniombea dua ndefu, akanifungia mahamri manne ambayo sikuyastahili. Wiki ileile akaita fundi amsakafie jiko upya, akapaka kuta rangi ya maziwa, akamwendea afisa wa afya mwenyewe kumwambia tatizo limekwisha. Yule afisa akampa msimu mmoja wa mwisho.

Mvua ilikuja Novemba, siku ya Alhamisi, mchana. Ilipoanza nilikuwa dukani nikinunua misumari, na tukatoka sote nje kushangilia, mwenye duka, wateja na wapita njia. Ilinyesha kama vile imekumbuka deni. Baada ya nusu saa hivi nikaona maji ya barabarani yanazunguka juu ya mfuniko mmoja na kuzama, yanazunguka na kuzama, kama beseni lililotolewa kizibo. Kadibodi zilikuwa zimelowa na kuachia. Nikakimbia kushuka mteremko na moyo wangu ukijua kabla ya miguu kufika.

Makarai mawili yalikuwa yameanguka shimoni. Moja lilisukumwa na maji likajibana kwenye mdomo wa bomba, ndani ya manholi iliyo karibu kabisa na kwa Bi Zuhura, likaziba. Kwa hiyo uchafu uliopanda siku hiyo ulikuwa mwingi kuliko wa mwaka wowote, na sababu ilikuwa mimi. Hapo ndipo niliposimama jikoni mwake, maji vifundoni. Bi Zuhura alikuwa amesimama juu ya benchi, amekumbatia sufuria ya unga uliokandwa, rangi mpya ya kuta imeshapigwa mstari mweusi. Nilingoja anitukane. Aliniangalia tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, si wewe uliniambia nipike?"

Heri angenipiga.

Niliingia shimoni jioni hiyohiyo na kamba, nikalitoa lile karai, na maji yakashuka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi afisa wa afya alikuja akafunga mlango kwa kufuli. Alimwambia hatamfungulia mpaka aone kwa macho yake mvua kubwa imenyesha na jiko limebaki kavu.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usiwahi kukifanya. Niliweka nguo kwenye begi. Nilikuwa na mjomba kule Wote, Makueni, na nikajiambia kwamba Makueni nako kuna mabomba, na huko hakuna anayenijua. Njia ya kwenda stendi ilipita sokoni. Niliinamisha kichwa, lakini Mzee Kimanzi hakuwa mtu wa kupitwa.

"Kijana! Begi inaenda wapi?"

"Wote, mzee. Mjomba amenipatia kazi."

"Wacha gari iende, ziko nyingi. Kaa hapa. Toa viatu."

Nilikaa, kwa sababu sauti ile haikuwa ya kuomba. Alichukua kipande cha kadibodi, akaukanyagisha mguu wangu wa kushoto, akauchora pembeni kwa kalamu ya makaa. Akachukua kipande kingine, akauchora wa kulia. Akaikata michoro yote miwili kwa kisu chake cha akala, akageuza mmoja na kuulaza juu ya mwenzake, akaniinulia nione. Wa kulia ulizidi kwa urefu wa ukucha, na ulikuwa mpana zaidi kwenye kidole gumba.

"Hii mguu ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Na hii?"

"Yangu."

"Mbona hazitoshani?" Akavilaza vipande hivyo magotini pangu. "Mimi nimekata akala tangu mama yako hajaolewa. Sijaona mtu miguu yake mbili iko sawa. Hata mapacha. Na wewe na karatasi yako ukaniambia ati manholi thelathini na nne ni moja. Hii ya kwangu ilibadilishwa fremu wakati lori ilikanyaga ile ya zamani. Ile ya posho mill, pale wanasaga unga, mfuniko wa chuma uliibiwa, wakatengeneza wa simiti kwa macho. Mimi niko hapa miaka yote, nimeona. Wewe hukuuliza."

"Nimekosa, mzee."

"Ngoja, sijamaliza. Mimi nikikosea kupima, mwenye kiatu anarudi hapa na malengelenge, ananionyesha, ananitukana, natengeneza. Wewe ukikosea, malengelenge inatokea kwa jikoni ya Zuhura. Na wewe uko kwa gari unaenda Wote."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya soko zima, miguu mitupu, na wamama wa nyanya hawakujua watazame wapi. Mzee Kimanzi alinirudishia viatu vyangu. "Kulia ni sawa," akasema, "lakini maliza. Ofisi ya Ndeti inafunguliwa saa mbili."

Kwa Bwana Ndeti nilisema yote: chai, andazi, mistari thelathini na mmoja, na zile robo inchi za kupamba. Alisikiliza akiwa ameshika paji la uso. Alisema alikuwa ameshagundua jana yake, maana mstari wa tisa ulikuwa wa manholi ambayo nusu yake ilikuwa imefunikwa na ukuta, na hakuna mtu angeweza kuipima bila kuvunja matofali. Nilijua amenifuta kazi. Badala yake akasema, "Aliyeharibu atatengeneza. Utapima zote upya kabla mvua haijakolea. Lakini kwanza nenda kwa mwenye hoteli, ukamwambie haya uliyoniambia, kwa maneno hayahaya."

Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea, na ni mwendo wa dakika kumi. Bi Zuhura alikuwa amekaa nje ya mlango wake uliofungwa, anamenya vitunguu saumu ambavyo hakuwa na pa kuvipikia. Nikamwambia. Hakupandisha sauti.

"Siku hiyo ulipoandika, chai ulinywea wapi?"

"Kibandani pale juu, mama."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Haya," akasema, akaendelea kumenya.

Nilianza upya kutoka stendi. Nilipofika kwa yule mama wa nyanya nilichuchumaa, nikamwamkia, nikamwomba samahani na kumweleza kwa nini nataka mahali pake. Unajua alichosema? "Kumbe ni hiyo tu? Nishikie upande huo wa gunia." Alinyanyuka mara moja. Alikuwa akiitwa Mwikali, na ndiye aliyenieleza jambo ambalo hakuna mchoro wa ofisini ungelinionyesha. Mvua ikijaa sokoni, wachuuzi wenyewe huinua mfuniko wa juu kwa nondo ili maji yashuke haraka, bidhaa zisisombwe. Hawakujua yanashukia kwa nani. Mtaro wa wazi uliopaswa kuyabeba ulikuwa umejaa maganda ya mahindi na mifuko. Nilipomwambia kwamba maji hayo hutokea jikoni kwa Bi Zuhura, alishika mdomo. "Mwaitu! Mama wee! Yule mama tunayekunywa chai kwake?" Jumamosi iliyofuata wamama wale walishuka mtaroni na majembe, wakauzibua wakiimba nyimbo za kanisani, na hakuna aliyewalazimisha. Miaka yote hiyo walikuwa karibu nasi, wanajua, na hakuna aliyewauliza. Kuuliza si ujinga.

Kila manholi niliisafisha ukingo kwa brashi ya waya, nikapima pande nne, maana fremu iliyokanyagwa na malori haibaki duara. Ya Mzee Kimanzi ilikuwa kama yai. Nilipima na kina cha ukingo, nikapaka namba kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko, na namba hiyohiyo nikaiandika kwenye daftari. Ile ya posho mill ilikuwa imemomonyoka, ikabidi nitengeneze ukingo mpya wa simiti kwanza. Ile ya chini ya ukuta tulivunja matofali manne, mwenye ukuta akiwa amesimama juu yetu anahesabu. Manholi thelathini na nne, mwanangu, na ukiziondoa zile tatu za stendi na nyingine tano, hakuna mbili zilizofanana.

Mafundi wa jua kali wakakata na kuchomelea kila karai kwa namba yake. Tatizo likawa ni mdomo, bati juu ya chuma haliwezi kuzuia maji. Hapo Mzee Kimanzi akaniita akaniambia nimletee tyubu kuukuu za malori. Alizikata mikanda, akauvalisha kila mdomo wa karai mkanda wake kwa kipimo chake, akibana na kugonga kama anayeshona kiatu cha bwana harusi. Alikataa kunikabidhi karai lolote kabla sijalijaribisha mbele yake. Moja alinirudisha nalo mara tatu. Mara ya tatu nilikasirika, akanicheka na kuniambia hasira nimpe yeye, karai nilipeleke shimoni likitosha.

Mvua kubwa ikarudi wiki ya kwanza ya Desemba. Wingu lilipofunga juu ya mji, mchana saa nane, nilikwenda kwa Bi Zuhura. Afisa wa afya alikuwa amekwisha kufika na kufungua kufuli, na Bwana Ndeti amesimama kwenye kizingiti na mwavuli. Bi Zuhura aliniona, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Akakiweka katikati ya jiko, kando ya lile tundu la sakafuni kabisa.

"Wewe utakaa hapa," akasema. "Yakipanda yakukute wewe kwanza."

Nikakaa. Mvua ilipiga bati tusisikizane. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye tundu hilo la ukubwa wa kikombe, na ndani yake nikasikia maji yanakoroma, yanasogea, yanashuka, yanakoroma tena. Mara moja niliona yamemeta, pale chini. Nikanyanyua miguu. Aliyecheka nyuma yangu alikuwa yule afisa, na nadhani hata yeye alikuwa anaogopa. Tulikaa hivyo muda mrefu. Bi Zuhura alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, midomo inacheza kwa dua, macho hayabanduki sakafuni.

Maji hayakupanda. Mvua ilipopungua mpaka ikawa manyunyu, afisa alichuchumaa, akapapasa sakafu kwa kiganja, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akatia kufuli lake mfukoni na kusema, "Mama, pika." Bi Zuhura alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakamtikisika, na mimi nikatazama kando. Kisha akawasha jiko. Kitu cha kwanza kilichotoka jikoni humo kilikuwa kikombe cha chai, akanipa mimi, nikiwa bado nimekaa kwenye kigoda changu nikiogopa kusimama.

"Onja," akaniambia. "Uniambie ipi tamu, hii au ile ya kibandani."

Nilikinywa chote, moto vilevile, nikamrudishia kikombe kitupu. Yeye akacheka. Nilijua hapo kwamba amenisamehe, na nilijua pia kwamba alikuwa na haki ya kutonisamehe.

Sijawahi kwenda Wote kujificha. Nimekwenda baadaye, mara nyingi, na kichwa juu, kufundisha vijana wa mabomba wa huko Makueni. Siku hizi mambo ni mepesi. Makarai huagizwa ya plastiki ngumu, hayashiki kutu, na vijana wana vipimo vya mwanga vinavyosoma kabla hujapepesa jicho. Mwaka huu mmoja wao, binti hodari anayeitwa Ndunge, alinipigia simu. "Mzee, ziko sitini, na mvua iko karibu. Tukipima kumi, si inatosha?" Nilimuuliza swali moja tu: aliye chini kabisa ya mteremko ni nani? Akasema hajui. Nikamwambia aende akamtafute, anywe chai kwake, kisha anipigie. Jioni alinipigia akasema ni shule ya chekechea, na kwamba wameshapima ishirini na wataendelea kesho.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaificha katika mafumbo. Usiandike kitu ambacho mkono wako haukugusa. Kalamu ni nyepesi kuliko mfuniko wa manholi, ndiyo maana inadanganya upesi. Ukimwona mtu mzima anakuambia "hii si kama zile," simama, hata kama huna muda, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mara nyingi guu linalovunjika ni la mwingine. Waulize wanaokaa mahali pale, wachuuzi na mafundi viatu, kabla hujauliza karatasi. Na kabla hujaanza kazi yoyote, iwe ya bomba, ya dawa, ya darasa au ya serikali, shuka mteremko kwanza ukamjue kwa jina yule ambaye kosa lako litamfikia. Ukishamjua, uvivu utaona haya wenyewe. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usipande gari. Rudi, sema, pima upya. Kuteleza si kuanguka.

Ngai, Mungu wetu, akupe mikono isiyochoka kabla ya kazi kwisha, na ulimi wa kusema "nimekosa" kungali mapema. Akupe wazee wa kukurudi na akili ya kuwasikiliza. Na mvua kubwa inyeshe katika siku zako, ijaze mito na mashamba, nawe usiku huo ulale usingizi mzito. Na yule aliye chini ya mteremko, naye alale.